Barua ya wazi kwa Kamati ya Tuzo za Utafiti wa Moyo: someni makala kabla ya kuitunuku

Kwa Mheshimiwa Profesa Mwenyekiti,
na Wajumbe wote wa Kamati ya Tuzo za Kila Mwaka za Makala Bora za Utafiti wa Magonjwa ya Moyo,
Kampala.

KUH: VIGEZO VYA TUZO, NA MAKALA ILIYOSHINDA MWAKA JANA

Waheshimiwa,

Salamu kutoka mashariki ya nchi, na poleni na majukumu.

Ninaandika hadharani kwa kuwa njia za faragha zimegonga mwamba. Barua yangu ya kwanza niliipitisha kwa mkuu wa hospitali kama utaratibu unavyotaka, ikajibiwa kwamba imepokelewa. Nilipokumbushia, nilipigiwa simu na mtu wa ofisi yenu, mpole wa sauti, akanieleza kwamba masuala ya tuzo huamuliwa na mabingwa na kwamba mimi ni muuguzi. Hilo la pili nilikuwa nalijua. Baada ya hapo, kimya. Sasa fomu za mwaka huu zimeshatoka, vigezo ni vilevile, na sioni tena sababu ya kunong'ona.

Kwa wasomaji wengine wasionifahamu: mimi ni muuguzi katika hospitali ya rufaa ya mkoa, na ninatunza daftari la wagonjwa ambao valvu zao za moyo zimeharibiwa na homa ya baridi yabisi. Wengi ni watoto wa shule na akina mama vijana. Ugonjwa huanza na koo lililouma likaachwa bila dawa. Mwili unapopambana na bakteria wa koo hilo hugeuka ukajishambulia wenyewe, na valvu za moyo ndizo zinazoumia. Kinga ya kuzuia usiendelee ni ya zamani na ya bei nafuu: sindano ya benzathini penisilini kila wiki 4, kwa miaka mingi. Asiyechomwa yuko hatarini kurudiwa na homa, na kila homa huongeza kovu juu ya kovu. Kwa hiyo maswali ya kliniki yetu ni machache: nani kaja kuchomwa, nani hakuja, na asiyekuja yuko wapi?

Naomba nieleweke. Sipingi tuzo. Utafiti wa moyo katika nchi hii haukuanza juzi, na una haki ya kupigiwa makofi. Mwaka 1948 J. N. P. Davies, mpatholojia wa Chuo cha Makerere aliyefanya kazi zake hospitali ya Mulago, Kampala, alieleza ugonjwa ambao utando wa ndani ya moyo hugeuka kovu gumu, moyo ukashindwa kutanuka na kujaa damu. Vitabu vya tiba vinautaja hadi leo, na wapo wanaouita kwa jina lake. Na tusikae na ya kale tu. Mwaka 2021 jarida la New England Journal of Medicine lilichapisha utafiti uliofanyika Gulu na maeneo ya kaskazini. Watoto 102,200 walipimwa kwa eko, yaani picha ya moyo ya mawimbi ya sauti, wakapatikana waliokuwa na ugonjwa wa valvu uliojificha bado, na 818 kati yao wakagawanywa kwa bahati nasibu. Kundi moja lilichomwa penisilini kila wiki 4 kwa miaka 2, jingine halikuchomwa. Ugonjwa uliendelea kwa watoto 3 kati ya 399 waliochomwa, na kwa 33 kati ya 400 wasiochomwa. Kazi ile ingestahili tuzo hata kama ingetolewa kwenye jarida la parokia.

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo barua yangu yote. Yanayofuata ni ufafanuzi.

1. Mnapima jarida, hampimi makala

Fomu ya mapendekezo ninayo hapa mezani. Kipengele cha tatu kinauliza jina la jarida. Cha nne kinauliza alama ya jarida, ile inayotolewa kila mwaka kwa kuhesabu manukuu. Cha tano kinauliza makala imenukuliwa mara ngapi. Halafu mwandishi wa kwanza awe daktari aliyesajiliwa, na aambatishe picha ya pasipoti pamoja na ikisiri, yaani ule muhtasari mfupi wa makala. Ikisiri tu, makala yenyewe haidaiwi! Jarida likiwa na alama chini ya kiwango chenu, pendekezo linawekwa kando kabla mwamuzi yeyote hajaligusa. Nimeigeuza fomu hiyo mbele na nyuma nikitafuta mahali panapouliza "mlikuta nini, na mmejuaje kwamba ni kweli?" Hapapo.

Alama yenyewe hupatikana hivi: zinachukuliwa makala zote ambazo jarida lilichapisha katika miaka 2 iliyotangulia, inahesabiwa zimenukuliwa mara ngapi mwaka huu, kisha jumla inagawanywa kwa idadi ya makala hizo. Ni wastani wa jarida zima. Eugene Garfield, Mmarekani aliyeasisi faharasa ya manukuu, alianza kulieleza wazo hilo miaka ya 1950, na kipimo kilichozaliwa humo kiliwafaa sana wakutubi waliotaka kujua wanunue jarida lipi. Kwa kazi hiyo ni kizuri. Lakini katika jarida lolote makala chache hubeba manukuu mengi, na nyingi hutoka karibu mikono mitupu. Kwenye majarida makubwa ya moyo hali huzidi, maana humo ndimo inamochapishwa miongozo ya matibabu ya Ulaya na Marekani, ambayo kila anayeandika kuhusu moyo hana budi kuinukuu. Mwongozo mmoja huinua wastani wa jarida, na makala dhaifu iliyochapishwa pembeni yake inapandishwa nayo, kama mtu asiyealikwa aliyeingia harusini nyuma ya ukoo wa bwana harusi.

Haya si mawazo yangu ya kando ya kitanda cha mgonjwa. Azimio la San Francisco kuhusu tathmini ya utafiti, lililoandaliwa mwaka 2012, linasema bila kuzunguka kwamba alama ya jarida isitumike badala ya ubora wa makala moja moja, wala kupima mchango wa mwanasayansi, wala kuajiri, kupandisha cheo au kugawa fedha. Ni nini tena kilichobaki ambacho tuzo hupima?

Sasa mrudieni Davies. Alichapisha wapi? Katika East African Medical Journal, jarida la Nairobi. Kwa fomu yenu, ugonjwa ambao ulimwengu unaujua kutokana na maiti na mioyo iliyochunguzwa Mulago usingevuka kipengele cha nne.

Wanaoachwa nje leo wanajulikana. African Health Sciences hutoka Makerere tangu mwaka 2001, na husomwa bure. Cardiovascular Journal of Africa ni jarida la chama cha wataalamu wa moyo wa bara zima. Humo ndimo mtu wa hospitali ya wilaya anapoweza kuuliza maswali ya wilaya. Nitoe mfano. Mwaka 2022 utafiti wa INVICTUS, wenye wagonjwa 4,531 kutoka nchi 24, ulionyesha kwamba kwa wagonjwa wa valvu kama wetu ambao mapigo ya moyo yamepoteza mpangilio, dawa za zamani za kuzuia damu kuganda, za jamii ya warfarini, ziliishinda rivaroksabani iliyo mpya: waliozitumia walipatwa na madhara machache ya moyo na mishipa, na kufa kwao kulikuwa kuchache. Kwetu hiyo ni habari njema, kwa kuwa warfarini si ghali. Ila warfarini bila kupima INR, kipimo cha jinsi damu inavyoganda, ni hatari. Ikizidi, mgonjwa anavuja damu. Ikipungua, damu inaganda na anapooza. Na kupima INR, kwa mama wa kijijini, ni kupanda boda, kisha gari, kisha kukaa foleni, na shamba limemngoja siku nzima. Atakayetuonyesha jinsi kituo cha afya cha daraja la IV kinavyoweza kupima INR kwa uhakika, huyo amefanya utafiti wa moyo wa hali ya juu. Atachapisha wapi? Jarida kubwa la wazi, lile ambalo msomaji halilipii, litamdai ada ya maelfu ya dola, ambayo ni mshahara wake wa miezi kadhaa. Msamaha wa ada upo kwa nchi kama yetu, lakini si kwa kila jarida, na wengi hawajui kuuomba. Basi atachapisha karibu na nyumbani, na ninyi hamtamwona.

2. Makala iliyoshinda mwaka jana haikusomwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kidonda kilipo.

Makala hiyo ilitokana na daftari letu. Waandishi sitawataja, mnawajua, na vijana wawili kati yao ni wachapakazi wenye adabu. Ilisema kwamba sehemu kubwa ya wagonjwa "walipotea" ndani ya mwaka wa kwanza, yaani hawakuonekana tena kliniki kwa sindano. Ikahitimisha kwamba familia hazina uelewa, na ikapendekeza wazazi waelimishwe. Ukumbini ilishangiliwa.

Daftari lenyewe ni kitabu kikubwa cha jalada gumu, na safu nimezichora kwa rula. Kuna namba, jina, umri, kijiji, jina la mwenyekiti wa LC1, yaani wa baraza la kijiji, na simu. Mara nyingi simu hiyo si ya mgonjwa. Ni ya kaka mwendesha boda, ya mwenye duka, ya mchungaji. Kisha zinafuata visanduku vya sindano, kimoja kwa kila wiki 4. Mwisho kabisa, ukingoni mwa ukurasa wa kulia, kuna safu nyembamba ya herufi moja. H maana yake amehamishiwa kituo cha karibu na kwao. F ni amefariki. S ni amesafiri, tunamsubiri. Wale wa H wana daftari lao la pili, dogo, la bluu, ambalo tunalijaza kwa simu kila mwisho wa mwezi tukiongea na wauguzi wa vituo: huyu kachomwa, huyu kachomwa, huyu yuko Busia kwa shangazi yake na kachomewa hukohuko.

Mtafiti aliyetumwa alipiga picha za kurasa kwa simu yake. (Majina ya watoto na maradhi yao ndani ya simu ya mtu binafsi, na Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ipo tangu 2019. Hilo nalo lina siku yake.) Baadhi ya picha nimeziona, kwa sababu alinitumia akitaka nimsomee mwandiko. Zimekatwa ukingoni. Safu ya herufi haimo. Daftari la bluu hakuliomba, kwa kuwa hakujua kama lipo, na waliokuwa juu yake hawakuniuliza lolote.

Kwa hiyo wengi wa "waliopotea" walikuwa wakichomwa kila mwezi kwenye kituo kilicho jirani na kwao. Wengine walikuwa wamekwisha kufa, na kifo cha mtoto wa valvu si uzembe wa mzazi. Mara nyingi ni kwamba alitufikia akiwa amechelewa, au upasuaji haukupatikana kwa wakati. Makala imeviweka vyote hivyo katika kapu moja, ikaliandika kapu hilo jina la akina mama.

Mwamuzi aliyekaa Kampala angejuaje? Asingehitaji kufunga safari. Katika sehemu ya mbinu wameandika wenyewe kwamba walitegemea daftari moja la kliniki moja. Katika mjadala wanawalaumu wazazi. Katikati ya hapo hakuna sentensi hata moja inayoeleza kama walipiga simu, kama walimtuma VHT, mhudumu wa afya wa kujitolea, kijijini, au kama waliuliza kituo cha jirani. Anayesoma utafiti wa kufuatilia wagonjwa huanza kuuliza hapohapo: mliwatafuta? Mwanafunzi wa uuguzi wa mwaka wa mwisho angeuliza. Ikisiri haionyeshi pengo hilo, na ninyi mliomba ikisiri.

Mngesema ni makosa ya kawaida ya kisayansi, yatasahihishwa na wakati. Lakini tuzo yenu imeyavisha joho. Katika kikao cha bajeti ya afya mwaka huu, makala hiyo ilisomwa pamoja na jina la tuzo, ikatumika kuhoji kwa nini tunapeleka sindano kwenye vituo vidogo ikiwa "wagonjwa wanapotea". Mpango ambao ndio uliowazuia wasipotee ulishtakiwa kwa kuwapoteza. Nilikuwemo kikaoni. Nilieleza. Nikaulizwa kama mimi nimechapisha wapi.

Waandishi niliwaandikia kwanza, kama uungwana unavyotaka, na mmoja alinijibu kwamba atazungumza na wenzake. Jarida nalo nimeliandikia. Wao wana utaratibu wao wa masahihisho na ninausubiri. Ninyi hamna utaratibu wowote.

3. Mwenye daftari hana pa kuandikwa

Kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba ina masharti 4 ya mtu kuitwa mwandishi: awe amechangia kwa uzito katika kubuni kazi, au kupata data, au kuichambua na kuifasiri, awe ameandika rasimu au kuipitia kwa jicho la uhakiki, awe ameidhinisha toleo la mwisho, na akubali kuwajibika kwa kazi nzima. Kwetu sharti la pili limegeuzwa kufuli. "Ulikusanya data, ahsante, lakini hukuandika, kwa hiyo si mwandishi." Wanaosema hivyo hawaendelei kusoma, kwa kuwa wahariri haohao wameeleza kwamba aliyetimiza sharti la kwanza apewe nafasi ya kushiriki katika kuandika, kupitia na kuidhinisha.

Mimi sikuomba tuzo wala ngao. Niliomba rasimu. Ningeisoma jioni moja, na asubuhi yake daftari la bluu lingekuwa mezani kwao. Ndiyo maana naliweka jambo hili mbele yenu kama suala la ukweli kabla halijawa suala la heshima: aliyefutwa kwenye orodha ya majina ndiye aliyekuwa anajua kwamba hesabu si sahihi.

Hata ule utafiti mzuri wa Gulu, ufikirieni kwa mkono wa muuguzi. Watoto 399, sindano kama 26 kwa kila mmoja katika miaka 2, ni zaidi ya sindano 10,000. Benzathini ni nzito, inaziba sindano, inauma. Mtoto aliyechomwa vibaya mwezi huu harudi mwezi ujao. Kuna watu waliowafanya watoto wale warudi. Sijui kipengele gani cha fomu yenu kingewapokea.

4. Waamuzi na waamuliwa ni walewale

Hili ni fupi. Mwaka jana wajumbe wawili wa kamati walikuwa wasimamizi wa masomo wa waandishi walioteuliwa. Huenda walitoka nje wakati wa kura, huenda hawakutoka. Kumbukumbu za kikao hazitolewi, kwa hiyo mimi siwezi kuwatuhumu na ninyi hamwezi kujitetea. Mabingwa wa moyo nchini ni wachache na wamefundishana wao kwa wao. Kukutana si ajabu. Ajabu ni kwamba hakuna hata karatasi ya kutangaza maslahi.

5. Matokeo hayarudi yalikotoka

Mshindi hupata ngao, bahasha, na chakula cha jioni hotelini. Hadaiwi kurudi alikochukua data. Kliniki kwetu yupo bibi anayemleta mjukuu wake, naye aliniuliza: ile karatasi tuliyotia dole gumba ilisema nini? Nilimweleza nilichoweza. Sikumwambia kwamba kilichosemwa humo ni kuwa watu kama yeye hawajali, kwa sababu anatembea alfajiri kumleta huyo mtoto na hajakosa hata mwezi mmoja.

Baraza la mawaziri liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi Julai 2022, na huku mpakani tumekisema siku zote bila kungoja kuidhinishwa. Ukurasa mmoja wa Kiswahili, na mwingine wa lugha ya eneo lenyewe, iwe Ateso, Lumasaba au Lusoga, si mzigo kwa mtu aliyeandika kurasa kumi za Kiingereza.

Mtakayosema

Najua baadhi ya majibu kwa kuwa nimeshayasikia kwenye simu.

Mtasema majarida makubwa yana wahakiki wakali, sisi ni nani turudie kazi yao. Wahakiki wale ni watu wawili au watatu wanaosoma kwa kujitolea, mara nyingi nje ya bara hili, na hawawezi kujua kwamba nchini Uganda mgonjwa wa sindano huhamishiwa kituo cha daraja la III. Ninyi mnajua. Hiyo ndiyo faida pekee ya kuwa na tuzo ya Uganda. Kama uhakiki wa jarida unatosha, kamati haina kazi. Mpangeni karani azipange makala kwa alama na mtangaze aliye juu.

Mtasema hamna muda wa kusoma kila kitu. Makala zinazofikia hatua ya mwisho si nyingi. Gawaneni, kila makala isomwe na watu wawili, mwezi unatosha.

Mtasema mfadhili ndiye anayetaka majarida ya kimataifa. Inawezekana, na mwenye fedha ana haki ya masharti yake. Basi andikeni hivyo kwenye fomu, na tuzo muiite tuzo ya waliochapisha kwenye majarida ya kimataifa. "Makala bora" ni madai mengine.

Mtasema tukifungua mlango kwa majarida ya hapa kiwango kitashuka. Kiwango kilichopitisha makala ya mwaka jana kishuke kwenda wapi?

Na yupo atakayesema muuguzi huyu anatafuta jina. Jina langu silitii hata kwenye barua hii. Mnalo kwenye zile za mwanzo, zilizopokelewa.

Ninachoomba

Kwanza, alama ya jarida iondolewe kwenye fomu ya mwaka huu, kipengele cha nne chote, na makala kamili iambatishwe. Kila makala ya hatua ya mwisho isomwe na waamuzi wawili wasio na uhusiano na waandishi, na sababu zao za maandishi zichapishwe pamoja na jina la mshindi. Aya moja inatosha, lakini iwe inaonyesha kwamba mtu amesoma.

Pili, mwombaji aeleze nani alikusanya data, wapi, na kama alionyeshwa rasimu kabla haijatumwa jaridani. Kama hakuonyeshwa, aeleze kwa nini. Sharti la udaktari kwa mwandishi wa kwanza liondoke; wataalamu wa eko, wauguzi na watu wa takwimu wanaandika pia.

Tatu, kila mjumbe atie sahihi tamko la maslahi, na mwenye uhusiano atoke nje. Iandikwe kwamba alitoka.

Nne, nusu ya fedha ya tuzo itolewe baada ya mshindi kuyapeleka matokeo kwenye kituo yalikotoka, kwa lugha inayosikika pale.

Tano, kuhusu makala ya mwaka jana: siombi waandishi waaibishwe, na vijana wale wawili nawaombea wasiguswe. Naomba kamati itangaze kwamba tuzo hiyo inapitiwa upya hadi jarida litakapotoa uamuzi wake, na tangazo hilo lipelekwe kwa maandishi kwenye ofisi ya afya ya wilaya kabla ya kikao kijacho cha bajeti. Hili ndilo la haraka kuliko yote. Mengine yanaweza kungoja mwaka ujao mkitaka kubishana. Sindano za vituo vidogo haziwezi.

Madaftari yote mawili yapo. Kwa kibali cha kamati ya maadili na cha mkuu wa hospitali, mjumbe yeyote anaweza kuja kuyaona, safu ya mwisho ikiwemo. Kliniki ya sindano huwa Jumanne, na ni vizuri kufika kabla ya saa nne, watoto wakiwa bado hawajarudi shule. Jibu lenu nalisubiri kwa maandishi kabla mapendekezo ya mwaka huu hayajafungwa.

Wenu mwaminifu,

Muuguzi, mtunza daftari la wagonjwa wa valvu za moyo,
hospitali ya rufaa ya mkoa, Mashariki mwa Uganda.

Nakala: Mkuu wa hospitali; Ofisi ya Afya ya Wilaya; waandishi wa makala husika.